Watu Mia Tatu Kumi na Nane Nukta Sifuri Sita

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Makadirio ya Watu na Dawa.

Ndugu Mkurugenzi, ambaye natumaini huumwi,

Kuhusu: Kutangazwa kwamba hatupo

Chini ya godoro ninalolalia kuna daftari la jalada gumu la bluu. Nimelificha kwa miaka tisa. Nimewaficha wakaguzi wenu na nimemficha binti yangu anayetandika kitanda hiki kila asubuhi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwangu kifo kimeshafika mlangoni, kimevua viatu, kinasubiri kukaribishwa. Kwa hiyo nitaeleza kilichomo kabla sijaweka kalamu chini. Lakini si sasa. Kwanza nina ugomvi na ninyi, na mtu aliyebakiwa na siku chache ana haki ya kupanga ratiba yake mwenyewe.

Mimi ni mfamasia. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka moja la dawa kwa miaka arobaini na moja. Duka hilo liko kwenye ngazi za mawe zinazounganisha barabara ya juu na mtaa wa bondeni. Kushuka bondeni kutoka dukani ni ngazi tisini. Kupanda hadi barabarani ni ngazi mia tatu na sita. Nimezihesabu kwa miguu yangu, si kwa makadirio. Siku hizi kaunta iko mikononi mwa binti yangu, naye ni mfamasia kama mimi, ila amenizidi subira. Mimi nimelala chumba cha nyuma. Kati yangu na rafu za dawa kuna ukuta mwembamba, hivyo kila anayekohoa mbele ya kaunta namsikia, na wengi nawajua kwa kikohozi kabla ya kuwajua kwa sauti. Moyo wangu umechoka. Daktari alisema "wiki kadhaa" huku akitazama dirisha. Ni kijana mwenye adabu.

Mwezi uliopita mlituletea taarifa yenu yenye jalada la kung'aa. Humo mmekadiria idadi ya watu wanaohudumiwa na kila duka la dawa, kwa kutazama kumbukumbu za dawa zilizotolewa mwaka jana. Duka letu mmeliandikia watu 318.06. Na kwa kuwa mmeamua kwamba duka lenye watu chini ya elfu moja halistahili kuletewa dawa za ruzuku, basi kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao insulini yetu, dawa za kifua kikuu, za presha, za pumu na za watoto zitapelekwa duka la kituo cha mabasi, huko juu kabisa. Ngazi mia tatu na sita, Ndugu Mkurugenzi, kwa mtu asiyeweza kupumua, ili akapate dawa ya kumwezesha kupumua.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nimemtafuta huyo nukta sifuri sita na sijampata. Mmeeleza vizuri namna mlivyomzaa: mlihesabu kila kadi ya afya iliyopewa dawa kwetu, kila kadi mara moja, mkapata kadi 229. Kisha mkasema kwamba kati ya watu mia moja, sabini na wawili huchukua dawa angalau mara moja kwa mwaka. Mkagawanya. Akatokea yeye. Kwa kipimo cha mtu wa kawaida, asilimia sita ya mtu ni kama kilo nne. Nilidhani labda ni mimi, kwa jinsi nilivyokonda, lakini binti yangu alinipandisha kwenye mizani ya dukani nikakutwa bado nina kilo arobaini na nne. Kitu pekee chenye kilo nne hapa kwetu ni paka. Paka huyo ni mkazi halali, ila hana kadi.

2. Kwa kanuni yenu, mtu mwenye afya ni uvumi. Aliyeumwa ana ushahidi. Asiyeumwa anapatikana kwa kugawanya tu. Wewe mwenyewe, kama mwaka jana hukupata hata kipele, basi unakaa ofisini kwa hisani ya asilimia sabini na mbili ya wenzako. Nakushauri uumwe kidogo kabla mwaka haujaisha. Si vizuri mtu wa cheo chako kuwa matokeo ya hesabu.

3. Duka la kituo cha mabasi mmeliandikia watu 9,640. Nalijua duka hilo. Lina dirisha moja, na mbele yake kuna benchi la abiria. Mmesema kila mtu anahesabiwa mahali alipopewa dawa mara nyingi zaidi kuliko kwingine. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na afya mwaka mzima, akatapika mara moja tu, akiwa safarini, akapewa vidonge pale dirishani, ninyi mmemwandika kuwa ni mkazi wa pale. Anaishi wapi? Kwenye benchi. Mmejenga mji mkubwa juu ya benchi la mbao lenye mguu mmoja mbovu, na sasa mnaupelekea insulini yetu. Wakazi wa mji huo kwa wakati huu wako kwenye mabasi, wanakwenda makwao.

4. Mlimtuma mkadiriaji kuja kuhakikisha. Tulifurahi. Alifika akiwa na kompyuta ya mkononi na viatu vya ngozi vyenye ncha, akashuka ngazi mia tatu na sita akishika ukuta, akafika dukani akiwa hoi. Hizo tisini zilizobaki alizitazama kama mtu anavyotazama maji machafu. Hakushuka. Akasimama kwenye ngazi ya duka letu, akaangalia mabati ya bondeni, akaangalia kompyuta yake, akatikisa kichwa.

Pale kwenye ngazi hukaa fundi saa. Ni mgonjwa wetu wa miaka mingi. Kisukari kilimchukua mguu wa kushoto, na insulini yake inakaa kwenye friji yetu kwa sababu kwake hakuna umeme. Huja kuchomwa asubuhi na jioni, na katikati hutengeneza saa za watu. Nilisikia yote kupitia dirisha.

"Mzee," mkadiriaji akamwambia, "hapa chini ramani inaonyesha ni eneo tupu."

"Tupu kabisa," fundi saa akajibu. "Hata mimi nashangaa hizi saa ananiletea nani."

"Nyumba zina namba?"

"Hazina."

"Nyumba isiyo na namba mtu wake hapewi kadi. Asiye na kadi hayumo. Mimi sina la kufanya, mzee wangu, nahesabu waliomo."

"Sawa, mwanangu. Basi sogea kidogo. Umemkanyaga mguu mtu asiyekuwemo, na anao mmoja tu."

Akasogea. Aliomba radhi, hilo nakiri. Kisha akapanda zake ngazi, na katika taarifa yenu nikakuta sentensi moja aliyoiandika: "Eneo limetembelewa." Tangu siku ile fundi saa akiingia dukani humwambia binti yangu, "Mama, mchome sindano yule asiyekuwepo, njaa inamwuma anataka kula." Binti yangu hucheka mbele yake, kisha huja huku nyuma kunitazama, hacheki tena. Waliosema asiyekuwepo na lake halipo walikuwa wanamsema mtu aliyechelewa mgao. Ninyi mmemfanyia hivyo mtu aliyefika wa kwanza, akakaa mlangoni.

5. Hili ndilo lililonifanya niombe kalamu. Mmemwandikia mke wangu.

Barua yenu ilipitishwa dirishani mwangu binti yangu akiwa kaunta, nami nikaisoma peke yangu. Mnasema kadi ya mke wangu, kwa mwaka jana peke yake, imepewa dawa mara elfu kumi na moja mia nne na tano. Mnaita "matumizi yasiyo ya kawaida." Mnamtaka afike ofisini yeye mwenyewe, akiwa na kadi yake na mkojo wa asubuhi.

Nimeipitia orodha mliyoambatanisha. Katika jioni moja tu, mke wangu amepewa vidonge vya wajawazito na vidonge vya kuzuia mimba. Ametibiwa tezi dume. Amepewa dawa ya minyoo ya watoto wa chini ya miaka miwili. Amemaliza dozi ya kifua kikuu mara thelathini na moja, na mara zote amepona, hongera kwake. Ana pumu ya mtoto, presha ya mzee, na kisukari cha mtu mwenye mguu mmoja. Na katika idara nzima, yenye viyoyozi na viti vinavyozunguka, hakutokea mtu hata mmoja wa kuweka kikombe chini na kusema, "Jamani, huyu mama ni mmoja kweli?" Mlichofanya ni kuandika chini ya ukurasa, kwa herufi za kumtesa mzee, kwamba takwimu "zimesafishwa": hizo mara elfu kumi na moja zote zimehesabiwa kuwa mtu mmoja, kwa sababu kadi ni moja. Mimi nimeosha chupa za dawa maisha yangu yote, Ndugu Mkurugenzi. Mtu huosha baada ya kuangalia ndani kuna nini.

Na hiyo mashine yenu! Kila jioni binti yangu huniletea kompyuta kitandani niingize karatasi za watu wa bondeni waliopewa dawa siku hiyo. Anasema kazi inanishikilia roho. Kabla ya kukubali dawa yoyote, mashine huuliza: "Je, mwenye kadi yuko hai?" Chini yake kuna vijisanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Mtu wa dawa aulizwe swali hilo! Nani aliwahi kumpa maiti dozi ya siku saba, akamsisitizia aimalize hata akijisikia nafuu? Hilo ndilo swali lenu la kumtambua mgonjwa, na mkijibiwa Ndiyo mnaridhika, mnakwenda kula.

Mke wangu hatafika ofisini kwenu. Sababu nitaieleza.

6. Binti yangu hapati usingizi. Hili si la kejeli, nisamehe kwa kubadili sauti. Amebandika taarifa yenu mlangoni kama mlivyoagiza, na watu wa bondeni wanasimama kuisoma, na wasiojua kusoma wanasomewa. Wanamwuliza, "Dada, sasa sisi tutakwenda wapi?" Yeye huniuliza mimi. Juzi aliketi hapa kwenye ukingo wa kitanda akaniuliza na jambo jingine: "Baba, ile namba ya muda unayowaandikia watu wasio na kadi, nipe na mimi. Siku ukizidiwa nitawaandika wapi?" Nikafumba macho nikajifanya nimelala. Akanifunika shuka. Nimemfundisha binti huyu kutambua kidonge bandia kwa kukigusa, na baba bandia hakumtambua.

Kwa sababu hizi zote, na kwa heshima yote mnayostahili (nimeipima, ni gramu chache), naomba mambo matatu.

Naomba mnipe cheti rasmi chenye muhuri kinachothibitisha kwamba watu wa bondeni hawapo, nikibandike kando ya taarifa yenu, ili wakija kukohoa wakisome na wakome. Pia naomba idara yako iviandikie barua kisukari, pumu na kifua kikuu, nakala kwa minyoo, kuvifahamisha kwamba kuanzia tarehe mosi haviruhusiwi kushuka chini ya barabara ya juu, kwa kuwa huko hakuna wa kuugua. Vikikaidi, mtume mkadiriaji.

La mwisho, naomba uje wewe mwenyewe ukae bondeni mwaka mmoja. Chumba kipo. Hakina namba. Hutakuwa na kadi. Uumwe mara moja tu, kitu chepesi, upele unatosha. Kwa namna hiyo yule nukta sifuri sita atapata mwenzake, na huenda ninyi wawili, mkiunganishwa, mkafikia mtu mzima.

Nisalimie mkadiriaji, na viatu vyake kama vimepona. Msalimie aliyesafisha takwimu, mwambie mikono yake ni misafi sana. Wasalimie wachapaji, madereva, mhudumu wa chai, na kila mtu wa idarani ambaye mwaka jana aliumwa na kwa hiyo yupo. Kwa wazima sina salamu, sijui nizielekeze wapi.

Ni mimi, mmoja wa wale mia tatu kumi na nane, kwa muda mfupi uliobaki,

Mfamasia wa duka la ngazini.

Nyongeza.

Nimeisoma tena barua hii na nimeona nimewatukana vizuri. Mkono bado una nguvu kidogo, basi nitimize niliyoahidi mwanzoni.

Hesabu yenu ni sahihi.

Mlihesabu mlichoandikiwa, na aliyewaandikia ni mimi. Mashine haitoi dawa ya ruzuku bila kadi, na watu wa bondeni hawana kadi. Mke wangu, katika siku zake za mwisho, kwenye chumba hiki hiki, aliniambia, "Kadi yangu usinizike nayo. Mimi sina kazi nayo tena, na watu wako bado wanaumwa." Sikumzika nayo. Kila mtu wa bondeni aliyekuja na cheti cha daktari nilimpa dawa yake, kwa kipimo chake, hakuna kidonge kilichouzwa nje wala kilichopotea. Ila kwenye mashine nilimwandika mke wangu. Kwenye daftari la bluu ndiko nilikowaandika wenyewe. Mshona viatu, ngazi ya sitini, pumu. Mama wa mapacha, upungufu wa damu. Bibi anayedai ametimiza miaka mia, minyoo. Fundi saa, sindano mbili kwa siku, mlalamishi.

Nilidhani nawasitiri. Sikujua kwamba nawafuta. Mwaka jana peke yake ni watu elfu moja mia sita arobaini na wanne, na wote niliwakunja ndani ya mwanamke mmoja, halafu nikapandwa na hasira kwa kuwa ninyi mlimwona mmoja. Ile kejeli yangu ya viyoyozi na vikombe irudishwe kwangu. Mimi ndiye nilipaswa kuweka kikombe chini.

Binti yangu hajui. Namba ya muda haipo na haijawahi kuwepo. Ni namba ya mama yake. Leseni mnayopaswa kuifuta ni yangu, na mkichelewa mtaikuta imejifuta.

Nimefanya hesabu upya kwa kanuni yenu ile ile niliyoikejeli huko juu. Kutoka kwenye kadi 229 nimemtoa mke wangu, zimebaki 228. Nimeongeza watu 1,644 wa kwenye daftari, jumla 1,872. Nimegawanya kwa asilimia sabini na mbili kama mlivyofundisha. Jibu ni watu elfu mbili na mia sita kamili. Hakuna nukta. Nimeirudia mara nne, nikitafuta kosa ili niwacheke, sikulipata. Kanuni si mbaya. Ilikosa tu mtu wa kuilisha ukweli.

Daftari linakuja pamoja na barua hii. Analileta fundi saa. Nilimwambia nitatafuta mwenye miguu miwili, akasema, "Mzee, niache nipande, nataka wanihesabu wakiniona natoka jasho." Hajui kilichomo ndani. Mpeni kiti akifika, na mtazameni vizuri.

Limebaki moja. Mwenye kadi akifariki, mfamasia anatakiwa kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Miaka yote hii nimejiambia kwamba sikutoa taarifa kwa ajili ya watu wa bondeni. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kila jioni, mara thelathini, mara arobaini, mashine iliniuliza lile swali nililoliita la kijinga, nami nikabonyeza Ndiyo. Nilikuwa nabonyeza polepole. Nilikuwa napenda kuulizwa.

Mke wangu alifariki miaka tisa iliyopita, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Friji ina insulini ya siku kumi na moja, na kuanzia sasa watu wa bondeni hawana pa kuandikwa isipokuwa kwenye hesabu yenu, kwa sababu leo asubuhi nilimwomba binti yangu anisogezee kompyuta, na lilipokuja lile swali nimebonyeza Hapana.